Bastola Mpya na Mkono Unaoishika: Mazungumzo na Wananchi Wenye Leseni ya Silaha



Mara nyingi tukikutana nanyi tunazungumza juu ya leseni: namna ya kuiomba, namna ya kuihuisha, na adhabu ya mtu anayeipuuza. Leo tumeona tuliweke kando hilo, tujibu swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkituletea ofisini kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu kuliuliza. Swali lenyewe ni hili: “Afande, nimepata bastola fupi, bado mpya kabisa. Ni ngumu mkononi na inanipiga teke. Nifanye nini ilainike? Na je, naweza kuifanyia marekebisho ili inifae?”

Ndugu zetu, si aibu kuuliza hivyo. Aibu itakuwa yetu sisi tukinyamaza, maana swali lisilojibiwa na polisi hujibiwa na fundi wa kichochoroni, na jibu lake hulipiwa na watu wasiohusika.

Tuanze na kisa kimoja. Hatutamtaja mhusika wala mji wake, ila tutasema kwamba ni mzee mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mashariki mwa nchi, mwenye leseni halali na mwenendo usio na doa. Alinunua bastola fupi ya milimita 9 kwa sababu alikuwa akirudi nyumbani usiku na fedha za mauzo. Siku ya kwanza aliona kifyatulio ni kizito. Badala ya kuja kwetu, alimpelekea kijana mmoja hodari, mtengenezaji wa kufuli na cherehani. Kijana akaifungua, akasugua hapa kwa tupa, akapunguza pale, akairudisha. Kifyatulio kikawa chepesi. Mzee akafurahi, akamlipa, akasifu kazi yake.

Miezi michache baadaye, jioni moja, mzee alikuwa akivua mkanda ili aende kuoga. Bastola ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, ikalia. Hakuna kidole kilichogusa kifyatulio. Risasi ilipenya mlango wa mbao wa chumba cha pili, ikatulia ndani ya godoro la mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameamka muda mfupi kabla ya hapo, akaenda jikoni kunywa maji.

Mzee hakungoja kukamatwa. Alikuja kituoni mwenyewe, bastola ameifunga katika kitambaa, akaiweka juu ya meza yetu na kusema, “Afande, chukueni kitu hiki. Nimelala usiku mzima nimemkumbatia mtoto na sikupata usingizi.” Tulipomwuliza nini kimetokea, alitueleza kila kitu bila kuficha. Mwisho akatuambia maneno ambayo ndiyo yaliyotuleta hapa leo: “Laiti mtu angenifundisha siku ile ya kwanza.”

Basi leo tufundishane habari ya siku ile ya kwanza.

Ni vyema tuelewe kwanza kwa nini bastola fupi ina tabia yake. Chukueni mfano unaojulikana sana duniani, Glock za Austria. Glock 17, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina mtutu wa milimita 114. Glock 19, iliyofuata mwaka 1988, ina mtutu wa milimita 102. Glock 26, ndogo zaidi, ya mwaka 1995, ina mtutu wa milimita 87. Zote tatu hutumia risasi ileile ya milimita 9, lakini chuma kinachopokea nguvu ya risasi hiyo kimepungua, na mpini umefupishwa hata kidole cha mwisho hukosa mahali pa kukaa. Nguvu haikupungua kwa kiasi hicho. Kwa hiyo teke lake husikika zaidi mkononi.

Tena, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na kurudi mbele, ambayo mafundi huiita slaidi, ni fupi na nyepesi. Kwa kuwa ni nyepesi, watengenezaji huiwekea springi ngumu ili iweze kurudi kwa nguvu. Ndiyo maana mtu mwenye vidole dhaifu huona taabu kuivuta siku za mwanzo. Tena bastola ya aina hii humtaka mtu aishike kwa kiwiko na kifundo kilichokazwa. Mkono ukilegea, slaidi haimalizi mwendo wake, ganda la risasi hunasa, na mtu huilaumu bastola kumbe kosa ni la mkono.

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo letu kuu, nalo mlichukue hata mkisahau mengine yote. Katika bastola mpya, kinachohitaji kuzoeshwa kwa sehemu kubwa ni mkono wa mtu. Chuma kitalainika chenyewe kwa kutumika na kusafishwa. Anayekazana kukilazimisha chuma kimfuate, kabla mkono wake haujajifunza, huharibu silaha na kubaki na mkono uleule usiojua.

Tuseme sasa hatua kwa hatua.

Siku unapoipokea bastola, jambo la kwanza ni kulinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma chake na namba iliyoandikwa katika cheti chako. Tarakimu moja tu ikitofautiana, usiondoke dukani. Jambo la pili ni kusoma kitabu kilichokuja nayo. Kama lugha yake inakupa shida, tuletee; tutakutafutia askari wa kukusomea na kukufafanulia.

Kisha ujifunze kuithibitisha kuwa haina kitu. Utaratibu wake una mpango ambao haupinduliwi. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, na kidole kiwe nje ya kifyatulio. Toa magazini kwanza. Halafu vuta slaidi nyuma, uishikilie, uangalie ndani ya chemba kwa macho, na uiguse kwa ncha ya kidole kidogo. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine bila kujua. Na anayetoa magazini akaamini kuwa kazi imekwisha, amesahau ile iliyobaki ndani ya chemba. Tunarudia: magazini kwanza, chemba baadaye, na macho pamoja na kidole vitoe ushahidi.

Bastola mpya hutoka kiwandani ikiwa imepakwa mafuta mazito ya kuikinga na kutu safarini. Mafuta hayo si ya kufyatulia. Yafute kwa kitambaa safi, pitisha ufito ndani ya mtutu, kisha tia matone machache ya mafuta ya silaha katika sehemu zinazosuguana, kama kitabu kinavyoonyesha. Matone machache, ndugu zetu. Mafuta mengi hukusanya vumbi, nasi sote tunalijua vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi. Wala msitumie mafuta ya kupikia au ya kupaka mwilini. Hayo huganda, na bastola iliyoganda ni chuma cha kushikia karatasi mezani.

Baada ya hapo, nenda uwanja wa shabaha ukiwa na mwalimu. Watu wenye uzoefu hupendelea kufyatua takriban risasi 200 za kawaida kabla ya kuiamini bastola fupi mpya, wakizigawa kwa vipindi, kwa mfano 50 kila siku ya mazoezi, na kuisafisha baada ya kila kipindi. Katika muda huo springi hukaa sawa, vyuma vinavyosuguana hupata njia yao, na mkono hujifunza.

Tunajua mtakachosema: risasi ni ghali, na idadi unayoruhusiwa imo katika cheti chako. Ni kweli, wala hatumwambii mtu avuke kiwango chake. Fanya kidogo kidogo, kwa miezi kadhaa ikibidi, kwa ruhusa na kwa mpango. Katikati ya vipindi hivyo, fanya mazoezi na risasi bandia, zile zisizo na baruti, chumbani ambamo hamna risasi halisi hata moja, ukiwa umeelekea ukuta imara. Kuvuta kifyatulio polepole bila vilengeo kutikisika ni elimu isiyohitaji baruti.

Uwanjani uwe na daftari. Andika tarehe, idadi ya risasi, na kila hitilafu. Kama una magazini mbili au tatu, zitie namba, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa tunaoudhania ni wa bastola huwa ni wa magazini moja iliyopinda mdomo. Ukiona ganda linanasa kila mara baada ya risasi hizo zote, na mwalimu amethibitisha kuwa mkono wako uko imara, basi ilete kwa fundi silaha mwenye leseni pamoja na daftari lako. Daftari hilo litamsaidia kuliko maneno mia.

Baada ya risasi 200, wengi waliokuja kutulalamikia juu ya ugumu wa kifyatulio husahau hata kwamba waliwahi kulalamika. Kifyatulio cha bastola nyingi za aina hii hutoka kiwandani kikihitaji nguvu ya kilo 2 na nusu hadi 3 hivi. Uzito huo haukuwekwa ili kukutesa. Umewekwa ili kidole chenye hofu, usiku, gizani, kisifanye jambo ambalo akili haijaliamua.

Sasa tuje kwenye marekebisho. Tunayagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale ambayo mwenye silaha anaweza kuyafanya bila wasiwasi, nayo ni ya kuivisha bastola na kumfaa mtu bila kuigusa ndani. Bastola nyingi za siku hizi huja na vipande vya mgongo wa mpini, vidogo na vikubwa; chagua kinachokijaza kiganja chako. Waweza pia kutumia magazini ya kiwandani yenye kitako kirefu kidogo ili kidole cha mwisho kipate makazi. Ukivisha mpini mpira wa kuzuia kuteleza, hakikisha haufuniki namba ya silaha. Juu ya yote, nunua ala nzuri na mkanda imara. Ala iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na isijikunje bastola inapotolewa.

Katika jambo la ala, sisi askari hatujivui lawama. Mwenzetu mmoja, askari wa miaka mingi, alinunua ala laini ya kitambaa kwa kuwa ilikuwa rahisi na haikuonekana chini ya koti. Siku moja alipokuwa akirudisha bastola mahali pake, ukingo wa ala ulijikunja ukaingia mbele ya kifyatulio. Alisukuma, risasi ikatoka, ikampita pajani. Alipona, lakini anatembea kwa kuchechemea hadi leo, na ametupa ruhusa ya kulisema jambo hili kila tunapokutana na wananchi. Kama limempata aliyefunzwa, litampata yeyote.

Fungu la pili ni yale ya kuuliza kwanza. Kubadilisha vilengeo ili vionekane vizuri usiku, kuweka taa chini ya mtutu, au kubadilisha springi iliyochoka: haya hufanywa na fundi silaha aliyeidhinishwa, kwa vipuri vya mtengenezaji, na baada ya kutuarifu sisi. Kumbukeni pia kwamba ukifunga taa, ala ya zamani haitaitosha bastola, na hapo unarudi kwenye hatari tuliyoitaja sasa hivi.

Fungu la tatu ni yale yasiyofanywa kabisa. Usisugue wala kukata kitu chochote ndani ya mfumo wa kifyatulio. Bastola nyingi fupi za kisasa hazina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole. Usalama wake umejificha ndani, katika vipande vidogo vinavyoizuia pini isigonge risasi mpaka kifyatulio kivutwe chote. Vipande hivyo hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Yule kijana wa cherehani hakuwa mtu mbaya. Aliona chuma kinachosuguana akakipunguza, asijue kuwa hicho ndicho kilichokuwa kikizuia bastola isilie ikianguka. Vilevile usibadilishe mtutu, usiguse pini, usichonge jina lako au pambo lolote karibu na namba, wala usiikwangue namba hiyo.

Kuhusu mtutu, pini na namba, sababu si usalama wa nyumbani peke yake. Sikilizeni vizuri hapa, kwa kuwa jambo hili linaweza kukuokoa au kukuangamiza mahakamani.

Bastola inapofyatuliwa, pini huacha alama nyuma ya ganda, na mifereji ya ndani ya mtutu huacha mikwaruzo juu ya risasi. Alama hizo hutofautiana kati ya silaha moja na nyingine, hata zilizotoka kiwanda kimoja, mithili ya alama za vidole vya watu. Mnakumbuka kwamba mwezi Juni 2018, Rais Yoweri Museveni alipolihutubia Bunge juu ya usalama, moja ya hatua alizozitaja ilikuwa kuchukuliwa alama za bunduki zote nchini. Kazi hiyo ndiyo iliyotufanya tuwaombe mzilete silaha zenu. Aidha Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ni mmoja wa waliotia sahihi, inazitaka nchi wanachama kuzitia silaha alama na kuweka kumbukumbu zake, ili silaha ikipatikana ng’ambo ya mpaka ijulikane imetoka wapi.

Wengine wenu mliona huo ni usumbufu. Tuutazame kwa upande wa mwenye silaha mwaminifu. Uhalifu umetendeka usiku, ganda limeokotwa, na jirani amesema, “Fulani ana bastola ya namna hiyo.” Kama alama za silaha yako zimehifadhiwa, na hujaigusa, wataalamu hulinganisha na kusema, “Siyo hii.” Unarudi nyumbani kwa mkeo na watoto wako. Lakini kama mtutu ni mwingine, au pini imesuguliwa, kumbukumbu hazilingani na kilichoko mkononi mwako. Utaulizwa kwa nini, na jibu la “nilitaka kifyatulio chepesi” ni jembamba sana mbele ya hakimu. Umelivunja kwa mkono wako lile jambo ambalo lingekutetea.

Tena Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 haikuiacha kazi ya silaha wazi kwa kila mwenye tupa. Unapompelekea fundi wa kichochoroni bastola yako, umempa silaha mtu asiye na kibali cha kuishika. Kosa ni lako na ni lake, na yeye huenda ana watoto wanaomtegemea kwa cherehani zile. Msimwingize katika jambo asiloweza kulitoka.

Ndugu wananchi, tunaelekea mwisho. Kabla leseni yako haijatolewa, watu walikuandikia mema: mwenyekiti wa kijiji anayekujua, na maofisa waliokuhoji. Walisema wewe ni mtu mwenye akili timamu na subira. Subira hiyo ndiyo inayohitajika katika miezi ya kwanza ya bastola mpya. Isafishe, izoee, andika katika daftari lako, na uulize. Mlango wa ofisi ya uhusiano wa jamii hauna ada. Yeyote ambaye silaha yake imekwisha kuguswa na fundi asiyeidhinishwa, tunamsihi asiendelee kuibeba kiunoni. Aitoe risasi kwa utaratibu tuliousema, au kama ana shaka atuite tuje kwake, kisha afike kituoni na kueleza kama alivyoeleza yule mzee. Hatutamwahidi mtu kwamba sheria itafumba macho. Tunamwahidi kwamba atasikilizwa kwa heshima, na kwamba kuja mwenyewe ni bora kuliko kuletwa.

Mmetuuliza kabla ya mkutano, yule mzee yuko wapi? Yupo, na duka lake linaendelea. Bastola yake ilizuiliwa, ikachunguzwa, na cheti chake kikaondolewa. Hakukata rufaa. Siku hizi hufunga duka kabla ya jua kuzama na fedha zake hupelekwa kwa njia ya simu. Tulipomwomba ruhusa ya kukisimulia kisa chake bila kumtaja jina, alikubali kwa sharti moja: tusisahau kusema kwamba mtoto alikwenda kunywa maji tu, wala hakuna mtu yeyote aliyemwokoa.

Tumelitimiza sharti lake. Sasa maswali ni yenu, nasi tuko tayari kuyajibu, hata yale ya sauti ya chini.